Friji Iliyochomolewa Mchana

Tangu umeme upande bei, mtunza stoo alikuwa akizunguka fleti yao ya vyumba viwili akizima kila kinachowaka: taa ya korido, redio ya mama yake, hata pasi mkewe angali ananyoosha kola. Mkewe, fundi cherehani katika kiwanda cha sare, alimtania kuwa ana mkono wa birika, wakacheka, yakaisha.

Likizo ya uzazi ilipokwisha, fundi alirudi kiwandani. Alikamua maziwa jioni na alfajiri, akayapanga kwenye friji, mama mkwe ampe mtoto mchana. Kukamua kule hakukuwa mchezo, lakini mtoto alinawiri.

Kisha mtoto akaanza kuharisha, macho yakazama. Daktari aliuliza maziwa yanawekwa wapi, fundi akajibu bila wasiwasi kwamba yanakaa kwenye friji. Alirudi na dawa, akijilaumu njia nzima: labda hanawi vizuri, labda ni kitu alichokula.

Kesho yake aliomba ruhusa akawahi nyumbani. Alifungua friji, taa haikuwaka. Mpira wa mlango ulikuwa umelegea siku nyingi, na chupa zilikuwa vuguvugu. Alifungua moja akanusa. Yamechacha.

Mama mkwe alishangaa kuulizwa. Mwanawe huichomoa kila asubuhi, alieleza, na kuichomeka jioni kabla mkewe hajafika. Alimwambia ndivyo wanavyobana matumizi, asiiguse. Yeye alidhani mume na mke wamekubaliana.

Fundi alimwaga maziwa yote kwenye sinki. Alipoingia bafuni kunawa, akaiona hita ya maji inawaka taa yake nyekundu. Ilikuwa hivyo tangu asubuhi, maana bwana hawezi maji baridi.

Mumewe aliporudi, alimkuta mkewe mlangoni.

"Hita yako inawaka kutwa," alisema kwa sauti ya chini. "Ulichozima ni chakula cha mwanangu."

Mume akajitetea. Mwenzake wa kazini alimwambia friji ikifungwa hutunza baridi yake. Hakujua.

"Hukujua, na hukuuliza. Lakini kuichomeka kabla sijafika, hilo ulilijua."

Mume akamgeukia mama yake.

"Usinitazame mimi," bi mkubwa alisema. "Umenifanya nimlishe mjukuu wangu uchafu kwa mkono wangu mwenyewe."

Usiku ule fundi alilala na mtoto chumbani kwa mama mkwe. Hita ilizimwa na haikuwashwa tena, bwana akaoga maji baridi bila kunung'unika. Mtoto alipona. Umeme nao ulidumu kuliko zamani, ingawa friji haikuchomolewa tena, na siku moja mume alitoka kwenye mita akitabasamu, akamwambia mkewe yuniti zilizobaki ni nyingi ajabu.

Mkewe aliendelea kukamua, uso kaugeuzia ukutani.