Jike Asiyeingia Mtegoni

Kwa siku tatu Bibi Mapezi alitembea kama mtu aliye chini ya maji. Sauti za watu zilimfikia zimelegea. Mwanga wa dirishani ulicheza ukutani pale ofisini kama unavyocheza juu ya mchanga wa dimbwi, na hata kikombe cha chai alikiweka mezani taratibu, asije akatimua tope.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alibandikwa na wenzake wa idara ya samaki, kwa kuwa alikuwa mtaalamu wa viumbe vya majini na hakuweza kuongea dakika tano bila kutaja pezi. Kazi yake ilikuwa na pande mbili, na zilipatana kama wake wenza. Upande mmoja alilea besi, samaki mgeni mwenye kinywa kipana, kipenzi cha wavuvi wa michezo kwa sababu akinaswa na ndoana hupigana mpaka mkono ufe ganzi. Upande wa pili alitunza samaki wenyeji, wale wadogo waliokuwepo kabla mtu hajaleta ndoana. Na besi akimwona mwenyeji, humwona chakula.

Katika mto aliousimamia, wenyeji walibaki wa aina moja tu: kidoa, samaki wa urefu wa kidole, mwenye alama nyeusi shavuni kama mtoto aliyefutwa masizi kwa haraka. Aliishi katika dimbwi la juu, nyuma ya maporomoko ambayo besi hawezi kuyapanda. Hakuna aliyewahi kuandika kidoa analeaje wanawe.

Chama cha wavuvi wa michezo kililitaka dimbwi lile. Mkuu wa kitengo akatoa siku tatu za mitego. Wakipatikana madume na majike, dimbwi litafungwa liwe la kidoa. Wakikosekana majike, maana yake ukoo umekwisha. Waliobaki wahamishiwe kwenye tangi la ofisini, na lori limwage besi alasiri ya siku ya tatu.

Na siku hiyo ya tatu ilikuwa imefika. Asubuhi Bibi Mapezi na dereva wa ofisi waliinua mtego wa mwisho, wakahesabu samaki ndani ya beseni. Kumi na mmoja. Wote walikuwa na pindo la rangi ya chungwa kwenye pezi la mgongo, pindo la dume.

"Kumi na mmoja, wote wanaume!" dereva akasema. "Hii si familia, Bibi Mapezi. Hii ni timu ya mpira."

Hakucheka. Aliwarudisha majini, akampigia mkuu simu.

"Pole, dada yangu," mkuu alisema. "Lakini tulikubaliana. Saa tisa lori lipo hapo. Na usininunie, vifaranga wa besi wenyewe si umewalea wewe?"

Neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Besi wale elfu nne aliwalea tangu wakiwa macho mawili na uzi wa mkia. Aliwapenda, na ndio watakaommaliza kidoa.

Nyumba ya kina Bibi Mapezi ilikuwa njiani, kwa hiyo walipita kula. Mama yake alikuwa amekwisha pakua. Dereva, ambaye pale alihesabiwa mwana wa nyumba, alikaa na kunawa bila kuambiwa. Bibi Mapezi aliketi akautazama mvuke wa wali ukipanda, ukapinda, ukapotea.

"Mwanangu, sahani haimalizwi kwa macho," mama alisema. "Haya, nikuamshe. Kitendawili!"

"Tega," akajibu, kwa mazoea tu.

"Nimempelekea chakula mpaka mlangoni, hali. Nimemwita, haji. Wala haumwi."

"Mimi huyo," alisema dereva, "mke wangu akipika bila chumvi."

"Wewe nyamaza, sijakuuliza. Mwanangu?"

Alifikiri, na mawazo yakamtoka kama samaki katikati ya vidole. "Sijui, mama."

"Nipe mji."

"Chukua dimbwi la juu," akasema. "Likifika jioni halitakuwa langu hata hivyo."

Mama alimtazama, akaacha utani. "Nimelipokea," alisema polepole. "Jibu lake yuko nyuma ya jiko. Kuku wangu yule mwekundu. Leo siku ya kumi na mbili anaatamia. Pumba namsogezea mpaka chini ya mdomo, anaitazama kama changarawe. Akitoka kula ni mara moja kwa siku, mbio mbio kama mwizi."

Bibi Mapezi aliinuka akaenda nyuma ya jiko. Kuku alikuwa ndani ya boksi la kadibodi, amejitandaza, macho yake yakitazama mahali ambapo mtu hapaoni. Mbele yake kulikuwa na kisahani cha pumba, haijaguswa. Ni pumba ile ile, ya gunia lile lile, aliyoifinyanga siku tatu akaiweka kwenye mitego iwe chambo.

Alichota kidogo, akaifikicha vidoleni. Upepo ulitikisa nguo kwenye kamba.

"Dereva!" akaita. "Acha hiyo sahani!"

"Nyama nimeiacha ya mwisho makusudi, jamani!"

"Tafuna ukitembea!"

Ndani ya gari alieleza mbio mbio. Mtego humkamata mwenye njaa. Jike mwenye mayai akiwa kama yule kuku, pumba ataifuata ya nini? Fomu ya ofisi ilisema mitego, naye akaifuata fomu, hakuinama hata mara moja kutazama kwa macho yake.

Dimbwini alichukua sanduku la mbao lenye kioo chini, akalala kifudifudi juu ya jiwe, akalizamisha kidogo na kutia uso ndani.

Mara dunia ya juu ikazimika. Chini kulikuwa na jua lililokatwa vipande, kila kipande kikitembea peke yake juu ya mchanga. Majani ya majini yaliinama na kuinuka kama watu wanaosinzia kwenye benchi. Alingoja. Hakujua tena kama anapumua yeye au linapumua dimbwi. Kisha, kutoka kwenye kivuli cha jiwe, alitokea samaki mdogo asiye na pindo la chungwa. Kidevu chake kilikuwa kimevimba, kinywa kimefumbwa kama cha mtu aliyeambiwa siri. Alipita kando ya kipande cha pumba kilichodondoka kutoka mtegoni. Hakukigeukia.

Akasimama, akafumbua kinywa. Vikatoka vinukta, kimoja, viwili, wingu zima la vinukta vyenye macho, vikamzunguka mama yao vikicheza kwenye mwanga. Bibi Mapezi akainama zaidi aone vizuri, kivuli cha sanduku kikasogea, na vyote vikarudi kinywani kwa mkupuo mmoja.

Alipoinua uso, lori lilikuwa limekwisha fika. Mkuu alishuka na tai yake shingoni, mwenyekiti wa chama nyuma yake na kofia iliyochomekwa ndoana.

"Mkuu, lala hapa."

"Nilale? Na suti hii?"

"Lala, kaka yangu. Suti itafuliwa."

Alilala. Walimwona akitulia, kisha miguu yake ikaacha kuhangaika, na muda ukapita mrefu hata mwenyekiti akakohoa. Alipoinuka tai ilikuwa inachuruzika.

"Wapo," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeona watatu. Wanabeba watoto mdomoni." Akamgeukia mwenyekiti. "Dimbwi hili limefungwa, mzee."

"Na samaki wetu kwenye lori? Mifuko ya maji waliyomo itapata joto!"

Kila mtu alimtazama Bibi Mapezi. Jibu alilijua, na hakulipenda. "Tuwapeleke bwawa la chini. Kuna besi wakubwa kule. Nusu ya hawa wataliwa na kaka zao. Nusu watakua, mzee, na hao ndio watakaokuvuta mkono."

Mwenyekiti alinung'unika, lakini akapanda lori. Kule bwawani Bibi Mapezi alifungua mifuko mwenyewe, mmoja mmoja, baada ya kuiacha ielee mpaka maji ya ndani na ya nje yalingane joto. Elfu nne wale wakamwagika kama moshi, wakaingia kwenye kijani kizito wasikoonekana tena. Alibaki ukingoni na mfuko mtupu mkononi mpaka dereva alipompigia honi.

Jioni, kabla taa hazijawashwa, aliingia jikoni na nguo zenye matope. Mama alikuwa amemfunikia sahani.

"Mama, kitendawili."

"Tega, mwanangu."

"Ana kinywa kimejaa na tumbo halina kitu."

Mama alifikiri, akatikisa kichwa. "Huyo simjui. Nikupe mji gani?"

"Nirudishie ule wa mchana," alisema, akafunua sahani, akaanza kula.