Mama Mkwe Apanga Warushaji

"Jumamosi atarusha Kinyozi," kocha alisema huku akikunja jezi. "Risasi, wewe ni Jumapili."

Katika chumba cha kubadilishia nguo wachezaji wote wakageuka kumtazama Risasi. Timu ilibakiwa na mechi mbili, Jumamosi na Bandari, Jumapili na Walimu, na bila kushinda zote mbili kombe lingekwenda kwingine. Bandari ndio waliokuwa wababe wa ligi. Kila mpenzi wa besiboli alijua kwamba mpinzani mkubwa hupelekewa mrushaji mkubwa, na mrushaji mkubwa alikuwa Risasi, ambaye mpira wake ulifika kabla mpigaji hajapepesa jicho. Kinyozi alikuwa mtu wa makamo mwenye kibanda cha kunyolea karibu na kituo cha mafuta. Mpira wake ulikwenda taratibu mno, hata watani wakasema huwa unapumzika njiani ukanywa maji.

Angekuwa kocha mwingine, Risasi angetupa glavu chini. Lakini huyu alikuwa mama mkwe wake, na mtu na mkwewe ni heshima. Akasema, "Sawa, mama," akaenda kumalizia hasira nyumbani.

"Mama yako ananichukia," akamwambia mkewe.

"Angekuchukia asingekupa mimi. Nenda kamuulize mwenyewe."

Alimkuta kizingitini anashona glavu kuukuu, miguu kainyoosha. Ujanani alikuwa mdakaji, mtu wa kuchutama nyuma ya mpigaji mchana kutwa, na magoti yalikuwa hayajamsamehe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kunigombeza?"

"Nitathubutu vipi? Nimekuja kuuliza tu."

"Kaa. Bandari wanakula nini?"

Risasi alimtazama asielewe.

"Wanakula kasi," mama akasema. "Vijana wale wana mabega na wana pupa. Ukiwarushia moto, gongo likiugusa tu mpira unavuka ukuta, maana nguvu yako mwenyewe ndiyo inayoubeba. Kinyozi hana nguvu ya kuwaazima. Watapiga upepo. Walimu ni watu wa subira, wanangoja ukosee. Kinyozi watamsoma kama gazeti. Wewe hutawapa muda wa kusoma."

"Na mambo yakienda kombo?"

Alikata uzi kwa meno. "Nitasemwa mimi. Si wewe, wala si yeye."

Jumamosi Risasi alikaa benchi na, kusema kweli, sehemu ya moyo wake ilimwombea Kinyozi mabaya. Mpigaji wa kwanza wa Bandari, pande la mtu, alilizungusha gongo mapema mno, akajikuta ameshageukia kwingine ndipo mpira unapita. Uwanja ukacheka. Wa pili naye vilevile. Kufikia katikati ya mechi Bandari walikuwa wanalaumiana wao kwa wao, na kadiri walivyokasirika ndivyo walivyozidi kupiga hewa. Walipata pointi moja tu, wakashindwa. Kinyozi aliporusha mpira wa mwisho, Risasi alijikuta kasimama juu ya benchi, sauti imemkauka kwa kumshangilia.

Jumapili Walimu walisimama mmoja mmoja, gongo begani, wakingoja. Risasi akarusha moja kwa moja katikati. Kabla hawajaamua kama ni wa kupiga au wa kuacha, mpira ulikuwa umeshalia kwenye glavu ya mdakaji. Ikawa hivyo karibu mechi nzima. Mwishoni mkono ukawa mzito kama si wake. Timu ilikuwa mbele kwa pointi moja, na Walimu wawili walikuwa wameshafika vituoni, wakingoja mwenzao apige ili wakimbie kurudi kufunga. Mama mkwe akaja uwanjani, pole pole.

"Umechoka?"

"Nimechoka, mama." Tangu aanze kucheza hakuwahi kulikubali neno hilo mbele ya kocha yeyote. Akauweka mpira kiganjani mwa mama kabla hajaombwa.

Mama akamwita Kinyozi. "Amebaki mtu mmoja tu wa kumtoa," akamwambia. "Macho yao yameshazoea moto. Mpoozee."

Kinyozi akaupooza mpira. Mwalimu wa mwisho, aliyekuwa ametulia mchana kutwa, akapapatika akakosa mara tatu, akatolewa, na kombe likabaki nyumbani.

Mashabiki walimbeba Risasi na Kinyozi mabegani. Kocha hakuna aliyembeba. Alikuwa ameketi na binti yake, anasugua magoti, anacheka.

Msimu uliofuata, mama mkwe alipokuwa akienda kutazama mazoezi ya timu nyingine, Risasi alimbebea kiti, naye akakaa majanini pembeni yake mpaka mazoezi yakaisha, akimuuliza wale nao wanakula nini.