Shemeji wa Kitanda cha Tatu

"Mimi sizalishwi na shemeji yangu!"

Sauti ilitoka nyuma ya pazia la kijani la kitanda cha tatu, ikakata wodi nzima ya leba hadi kwenye sinki ambako mwanafunzi wa ukunga alikuwa ananawa mikono. Aliitambua kabla hajageuka. Mama mmoja aliyekuwa anaguna kitanda cha pili akanyamaza kidogo ili asikie vizuri.

Mwanafunzi huyo alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na mbili, mabega mapana, ndevu zimechongwa vizuri chini ya barakoa. Wanafunzi wenzake, mabinti wa miaka ishirini, walimwita Anko. Jeshini alikuwa akiitwa Bandeji, na jina hilo lilimganda hata baada ya kuvua magwanda. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa tabibu wa kikosi vitani: hatua kumi nyuma ya wenzake wakati wa kusonga mbele, na wa kwanza kufika mtu alipoanguka. Vita ilipokwisha, alisimama miaka mitatu kwenye mlango wa benki akifungulia watu na kuwaambia karibu. Kisha siku moja akaenda kuomba nafasi chuo cha ukunga, na karani wa pale akamuuliza kama amekuja kumjazia mkewe fomu.

Sista mkuu wa wodi alikuwa kitanda cha kwanza na mama wa mapacha. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, na hakuna aliyewahi kumwona amekaa.

"Anko, nenda kitanda cha tatu," alisema bila kuinua kichwa. "Huyo ni wa arobaini wako. Ukimzalisha vizuri natia saini, unakwenda kwenye mtihani wa mwisho. Ukivuruga, tutaonana mwakani."

"Sista, yule ni shemeji yangu."

"Wa ndugu yako wa tumbo moja?"

"Mke wa mwenzangu wa jeshini."

"Basi ni shemeji wa mdomo. Nenda."

Alikwenda, lakini hakulivuka pazia. Alilisogeza kidogo tu, akasimama pembeni. Mke wa rafiki yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amekamata chuma kwa mikono miwili, jasho linamtiririka shingoni.

"Rudi ulikotoka," alisema. "Jumapili ulikuwa sebuleni kwangu umekunja nne. Leo unataka kunizalisha? Kesho nitakutazamaje?"

"Humu ndani mimi si shemeji yako. Shemeji yako nimemwacha getini. Humu mimi ni mkunga. Ukinikataa utamsubiri Sista, na sitanuna. Ila Sista ana mapacha, na mapacha wale wanaona raha walipo."

Uchungu ukamjia. Aliinamisha kichwa, akaung'ata mkono wa gauni lake, akatulia. Ulipopita akamtazama kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama kiti asichokiamini.

"Haya. Niulize maswali kama unavyowauliza wengine. Ukinichekesha, unatoka."

Bandeji akachukua faili miguuni pa kitanda. "Habari za asubuhi, Mama. Mimi ni mkunga mwanafunzi. Hii ni mimba ya ngapi?"

"Ya pili. Unajua fika. Wa kwanza ndiye aliyekukojolea suti."

"Pole yake huyo aliyekojolewa. Uchungu umeanza lini?"

"Alfajiri."

"Na umekuja na nani?"

Kicheko kilichokuwa kinamchezea mdomoni kikazimika. Aligeuzia uso dirishani.

"Nimekuja na redio mbovu," alisema. "Katazame kwenye bomba la uani. Kama bado ipo."

Ilikuwapo. Mumewe alikuwa ameinama chini ya bomba, maji yanamwagika kisogoni, shati limeloa hadi kiunoni. Watu wote walimwita Redio. Vitani alikuwa mtu wa mawasiliano, na sasa alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu, ambako aliongea na wateja, na simu, na bisibisi, tangu anafungua hadi anafunga. Jambo moja tu hakuliongelea. Kuna siku alikaa handakini akiita msaada kwenye mtambo, huku wenzake wawili wakipiga mayowe nyuma yake. Msaada ulifika mayowe yamekwisha. Tangu hapo hakuweza kukaa mahali mtu anapolia kwa maumivu. Mtoto wao wa kwanza alipozaliwa, alisema anakwenda kununua maji, akatembea hadi jioni ya siku ya pili. Mkewe alijifungua peke yake. Miaka sita hakulitaja jambo hilo hata mara moja, na huko kutolitaja ndiko kulikomtafuna mume.

"Nakwenda kununua maji," Redio alisema alipomwona.

"Maji umeyavaa."

"Bandeji, nikiingia mle nitakimbia. Na nikikimbia mara ya pili, yule mwanamke hataniacha. Atanivumilia. Unanielewa? Maisha yangu yote yaliyobaki, atanivumilia."

Bandeji hakumwambia ajikaze. Neno hilo alikuwa amelisikia likisemwa kwa watu wengi, na hakuwahi kuona limemponya mmoja. Kila Jumamosi yeye na Redio na askari wenzao wa zamani walikutana kwenye karakana ya fundi seremala, ambaye mkono wake mmoja ulibaki vitani. Pale walisaidiana kuandika barua za kazi, walisindikizana kwenda kliniki, na siku ambazo hakuna aliyekuwa na neno waliranda mbao tu. Bandeji ndiye aliyekuwa ameianza shughuli hiyo, kwa viti viwili. Walimcheka sana kwa huo ukunga wake. Hao hao ndio walioshika kitabu chake na kumsikiliza masomo, wanaume wazima wenye makovu wakisoma "mlango wa kizazi" kwa sauti huku wakitazama dari.

Akavua saa yake ya mkononi.

"Nimepungukiwa mtu," alisema. "Kuna chati ya uchungu. Inataka mtu wa kuandika: umeanza saa ngapi, umeisha saa ngapi, umekaa sekunde ngapi. Wenzangu wote wametingwa. Unaweza kupokea ujumbe ukauandika?"

Redio alijifuta uso. "Nimeifanya kazi hiyo miaka tisa."

"Basi ripoti kazini. Ukitaka kutoka, utaomba ruhusa kwa mkuu wa kituo."

"Sista?"

"Mkeo."

Redio aliingia amevaa joho la wageni lililomfika magotini, kalamu mkononi, saa imelazwa juu ya faili. Mkewe alimwona. Uchungu ulipokuja alipiga ukelele uliotikisa pazia, na Bandeji, aliyekuwa amelaza mkono juu ya tumbo ili kuupima, aliona kwa pembe ya jicho vidole vya rafiki yake vikibadilika rangi kwenye kalamu. Miguu ya Redio ilikuwa tayari imegeukia mlangoni. Kisha ikasikika sauti, kavu na ya puani, sauti ya zamani ya mtamboni:

"Saa nne na dakika ishirini na mbili. Umeanza. Ova."

Kitanda cha pili mtu akacheka, halafu akajishika tumbo akajuta.

"Mwambie huyo mtu," mke alisema akihema, "kwamba amesikika."

"Umeisha. Sekunde arobaini. Hali ya kituo? Ova."

"Kituo kina kiu."

Redio akampelekea maji. Ndivyo walivyokwenda, uchungu kwa uchungu, saa tano, saa sita. Mara moja tu, mayowe yalipopanda sana, Redio aliweka kalamu chini. "Kituo, naomba dakika mbili nje."

Mkewe alimtazama kwa macho mekundu. Bandeji alijifanya anatafuta glovu.

"Ruhusa," mke alisema. "Mbili."

Pazia likajifunga. Mwanamke alianza kuhesabu kimya kimya, midomo tu ikicheza, macho kwenye pazia. Hakuwa amefika mwisho wakati viatu vya mumewe viliporudi vikifanya haraka kwenye sakafu.

"Nimerudi hewani," Redio alisema. Mkewe akafumba macho na kutoa pumzi ambayo haikuhusiana na uchungu.

Ilipokaribia saa saba, Bandeji alisikiliza tumbo, akapima, akavaa glovu mpya. "Mama, njia imefunguka yote. Sasa tunafanya kazi. Ukisikia unasukumwa, sukuma. Nikisema hema, hema kama mtu aliyeungua ulimi."

"Bandeji," alisema yule mama, na hilo lilikuwa jina la sebuleni, lakini hakuna aliyelijali. "Usiniangushie mwanangu."

"Sijawahi kumwangusha mtu."

Kichwa kilitokeza, cheusi na chenye maji. Kila mara kilipotokeza, kwa mara zote thelathini na tisa, Bandeji alikumbuka chumba cha darasa kilichotobolewa paa, na mwanamke mgeni aliyeingia humo vita ikiendelea, akajilaza kati ya madawati na kuzaa mbele yake yeye, tabibu aliyejua majeraha ya risasi tu. Alimdaka yule mtoto kwa shati lake. Mikono yake ilikuwa imezoea watu wanaoondoka. Siku ile, kwa mara ya kwanza, ilimshika mtu anayefika, na haikuwahi kuisahau tofauti ya uzito.

"Hema. Usisukume. Hema."

Kitovu kilikuwa kimezunguka shingo ya mtoto. Alipenyeza kidole, akakilegeza, akakipitisha juu ya kichwa kama mtu anayemvua mwenzake mkufu. Bega moja, bega la pili, na mtoto mzima akateleza mikononi mwake. Wa kike. Rangi yake haikuwa nzuri. Na hakulia.

Bandeji alimkausha kwa taulo, akamsugua mgongo. Kimya. Alikata kitovu, akamlaza kwenye meza ya joto, akamnyoosha shingo, akaweka kinyago kidogo juu ya pua na mdomo, akashika mpira wa kumpulizia hewa. Alijua bila kugeuka kwamba Sista amesimama kwenye pazia, mikono ameifumbata, na kwamba hasemi neno kwa sababu hajaona la kusahihisha.

"Mbona halii?" mama aliuliza. "Mbona halii?"

"Redio," Bandeji alisema kwa upole, bila kuinua macho. "Nihesabie. Kila ukitaja namba, naminya."

Redio alikuwa ameganda. Halafu sauti ya puani ikarudi, nyembamba mwanzoni.

"Moja... Mbili... Tatu..."

Kifua kidogo kikainuka, kikashuka. Kikainuka.

"Saba... Nane..."

Kwenye namba kumi na tisa, mguu mmoja ukapiga teke. Kwenye ishirini na tatu mtoto akakunja uso kama mzee aliyekatizwa usingizi, akafungua kinywa, na akatoa mlio mkali, wa hasira, wa haki yake, uliojaza leba yote hadi kwenye vioo.

Redio alisikiliza ukelele huo amesimama pale pale. Hakuziba masikio. Alisogea karibu zaidi, akainama, na machozi yakamdondokea kwenye chati.

"Analia," alimwambia mkewe. "Msikie anavyolia!"

"Namsikia," mkewe alisema, naye akicheka na kulia kwa pamoja. "Njoo hapa. Kaa hapa."

Mtoto alipokuwa kifuani mwa mama, amegeuka mwekundu wa kupendeza, na kondo la nyuma limetoka zima, Sista alisogea. Alimkagua mama, akamkagua mtoto, akavaa miwani na kukagua karatasi.

"Anko, hujaandika saa ya kuzaliwa."

Bandeji akatazama kifundo cha mkono wake; saa haikuwapo.

"Saa saba na dakika kumi na nne na sekunde tano," Redio alisema kutoka ukingoni mwa kitanda. "Kilio cha kwanza, saa saba na dakika kumi na sita kamili."

Sista alimtazama juu ya miwani. Akachomoa kalamu, akaandika saa, akatia saini chini ya namba arobaini, akaipigia mstari. "Siku za mwizi ni arobaini," alisema. "Zako zimetimia. Nenda kakae." Naye akarudi kwa mapacha, ambao hatimaye walikuwa wamebadili mawazo.

Alasiri, Sista aliporidhika na pumzi za mtoto, alitoa dakika mbili za kumtoa hadi barazani. Askari wenzao wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi tangu saa tano, wima na kimya kama watu wanaosubiri hukumu. Redio alitokea na kifurushi chake cheupe, nao wakasimama wote kwa pamoja, bila amri ya mtu.

"Mimi wa mkono mmoja nitamshikaje?" fundi seremala aliuliza akirudi nyuma.

"Kaa. Weka goti hapa. Kiwiko juu ya goti. Sasa fanya mkono uwe kitanda." Bandeji akamlaza mtoto pale, na seremala akaacha kupumua, na wengine wakainama juu yake wakibishana kwa minong'ono pua ile ni ya nani.

Mmoja wao hakuinama. Alikuwa mpiga mizinga zamani, mtu mkubwa wa maneno machache, bado amevaa sare ya ulinzi ya zamu yake ya usiku. Alimvuta Bandeji pembeni, karibu na dirisha.

"Hapo chuoni kwenu," alisema, akitazama chini. "Wanachukua mtu mpaka umri gani?"

Bandeji alimtazama. Kisha akachukua kalamu kutoka mfukoni, akatafuta karatasi, akakosa. Mpiga mizinga akanyoosha kiganja chake kipana, na Bandeji akaandika humo jina la ofisi, siku ya kuchukua fomu, na namba ya chumba.

Mpiga mizinga akashuka ngazi za barazani na kulivuka geti, jua likiwa bado kali. Alitembea polepole katikati ya watu, mkono ameuweka mbele yake, wazi, na kila hatua chache akaupulizia ili wino ukauke.