Idara Yenye Walimu Wanne

Mwalimu Ambindwile alikuwa Mkuu wa Idara ya Fizikia, katibu wa Idara ya Fizikia, mtunza stoo wa Idara ya Fizikia na, kwa miaka sita mfululizo, Idara ya Fizikia yenyewe. Akipata mafua, idara nzima inapiga chafya. Akienda msibani Igogwe, idara imekwenda msibani. Sekondari ya Ikatilo, iliyo juu kidogo ya mji wa Tukuyu, pale ambapo ukungu ukishuka huoni hata mlingoti wa bendera, ilikuwa na walimu wa Historia saba, wa Kiswahili sita na wa Jiografia watano. Hao walikuwa wengi kiasi cha kunyang'anyana vipindi. Wa Fizikia alikuwa mmoja, na hakuna aliyemnyang'anya kitu.

Vipindi thelathini na nane kwa wiki, jamani, kuanzia watoto wa Kidato cha Kwanza wasiojua hata rula inashikwaje, hadi Kidato cha Sita. Ikifika Ijumaa sauti imekwisha, ananong'ona, na waliokaa mbele wanawapelekea wa nyuma alichosema. Hakuwa akiomba cheo wala uhamisho. Alitaka kitu kimoja tu: mwalimu wa pili wa Fizikia, apatikane kabla ya Mei, kwa sababu Mei Kidato cha Sita wanafanya mtihani wa taifa na nusu ya mada zilikuwa hazijaguswa. Walikuwa wanafunzi thelathini na mmoja. Mmoja wao, Lilian, binti wa mkulima wa Lupepo, alikuwa amesema mbele ya darasa zima kwamba yeye atakuwa mhandisi, na wala hakusema kwa kuuliza.

Basi mwezi wa Septemba akaenda kwa Mkuu wa Shule.

Mkuu wa Shule aliitwa Prosper, mtu wa koti na tai hata mvua ya Tukuyu inaponyesha kwa ubavu. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni majalada. Alikuwa nayo ya kijani, ya njano na ya bluu, na kila moja lilikuwa na lebo iliyochapwa. Vyoo vya wavulana vilikuwa havina milango, lakini jalada la vyoo lilikuwa safi sana.

"Mwalimu," akasema Mkuu, akimsukumia kiti, "nani atapeleka mwalimu kwenye idara mfu? Ofisi ya elimu wakifungua jalada lako wanakuta nini? Mtu mmoja. Mtu mmoja si idara, ni mkiwa. Hata kikao hufanyi."

"Nitafanya kikao na nani, Mkuu?"

"Hapo sasa! Idara ikae hai kwanza, ionekane ina watu, ina mipango, inakaa vikao. Halafu ndiyo tuombe mtu wa kuongeza nguvu. Mwenye nacho ndiye huongezewa."

Ukimsikiliza mtu mwenye tai unaweza kuona akili mahali isipokuwepo. Ambindwile akaona akili. Kesho yake Mkuu akatangaza kwamba walimu watatu wa ziada wameingizwa Idara ya Fizikia: Zuber wa Kiswahili, mwenye duka la vifaa vya simu karibu na stendi, Madam Hellen wa Historia, mwenye ekari mbili za parachichi, na Lukasi wa Jiografia, ambaye kazi yake ya kweli ilikuwa kwaya. Hakuna hata mmoja aliyetakiwa kuingia darasani. Walitakiwa kuwepo tu.

"Mimi na Fizikia!" Hellen alicheka mpaka akashika mbavu. "Newton si ndiye yule aliyeangukiwa na parachichi?"

"Na mimi ni mwanafizikia wa siku nyingi," akasema Zuber. "Nani anawachajia simu hapa mjini?"

Ikabaki mihtasari ya vikao. Mkuu alitaka ianzie Januari ya mwaka huo huo, kikao kila mwezi, "ili ionekane si jambo la jana." Januari! Idara ilizaliwa wiki iliyopita, na sasa inatakiwa iwe na kumbukumbu za utotoni. Ambindwile alikuwa na mwandiko mzuri, na mwandiko mzuri, wallahi, umewaponza wengi. Alijifungia kwenye stoo ya maabara wiki nzima wakati wa chai, akaandika vikao vya miezi yote iliyopita, kisha akaendelea kuandika kila mwezi ulipoingia. Mwanzoni aliona aibu. Kufikia kikao cha tano aibu ilikuwa imeisha na utamu umeingia. Wajumbe wake walikuwa wanabishana kwa hoja, wanaafikiana kwa busara, na kikao kinafungwa kwa sala. Ilikuwa idara aliyoitamani miaka sita.

Saini walizitia katika chumba cha walimu, huku wanakula ndizi za kuchoma.

"Hapa nimekubali nini?" Zuber aliuliza, kalamu mkononi.

"Umependekeza zinunuliwe ammeta sita za kupimia umeme."

"Safi sana. Mimi ni mtu wa maendeleo." Akasaini.

Madam Hellen alipekua kurasa, uso ukamkunjamana. "Mbona mimi tangu Machi sijasema neno? Watanidhani bubu! Niandikie na mimi hoja, tena nzito." Ikabidi Ambindwile aandike upya kikao cha Aprili, Madam Hellen akasimama kidete na kueleza jinsi ya kuwaondolea wasichana hofu ya hesabu za mwendo.

Lukasi ndiye aliyekuwa na dhamiri. Alikataa kabisa kusaini kikao cha Agosti. "Agosti nilikuwa Mbeya na kwaya, watu wote wanajua. Siwezi kusaini uongo, mimi ni mtumishi wa Mungu." Akaandikiwa kwamba alitoa udhuru. Moyo wake ukatulia, akasaini vilivyobaki vyote.

Februari wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakaja. Aliyepangiwa idara za sayansi alikuwa mama mmoja makini, Bi Rahima, mwenye miwani ya kamba. Alifungua jalada la Fizikia, akasoma ukurasa baada ya ukurasa mpaka wa mwisho. Kisha akavua miwani.

"Nani katibu hapa?"

"Ni mimi, mama."

"Nimezunguka shule nyingi. Jalada la idara lililotunzwa namna hii sijaliona. Walimu wanne, vikao kumi na vinne, na kila mtu anachangia! Hili la Madam kuhusu wasichana nitalipeleka kama mfano." Akamgeukia Zuber. "Na wewe mwalimu, unasaidiaje?"

"Ninashirikiana na Mwalimu Ambindwile kila anaponihitaji," akasema Zuber, Mswahili wa kusomea, na uso mkavu.

Bi Rahima akaandika. Kisha akauliza swali ambalo Ambindwile alikuwa amelisubiri tangu Septemba, au tuseme kwa miaka sita: "Kuna upungufu wowote katika idara hii?"

Mkuu wa Shule akadakia, "Hapana, mama, idara imesimama vizuri."

Sema basi, mwanaume! Mdomo si unao? Sema "upungufu upo, mama, ninafundisha peke yangu, watoto wangu wanafika Mei mikono mitupu." Yule mama alikuwa amekaa mbele yake, kalamu iko mkononi, anamtazama yeye na si Mkuu. Lakini Ambindwile alikuwa bado anayatafuna yale maneno ya jalada. Hakuwa amesifiwa tangu amalize chuo. Alitabasamu, akainamisha kichwa, na Bi Rahima akafunga daftari lake. Barua ya kuomba mwalimu itafuata, alijiambia, sifa zikitangulia.

Machi ikaja barua kweli. Mkuu aliwaita wote wanne ofisini, mvua inapiga bati mpaka ikabidi aisome kwa kupaza sauti. Ofisi ya elimu inaipongeza Sekondari ya Ikatilo kwa Idara ya Fizikia iliyo mfano wa kuigwa. Kwa kuwa ikama ya somo hilo, yaani idadi inayoruhusiwa, ni walimu wawili, na waliopo ni wanne, mmoja ahamishiwe ndani ya siku saba kwenye sekondari mpya ya huko bondeni, ambayo haina mwalimu wa somo hilo hata mmoja. Shule ichague yenyewe wa kumtoa na kuleta jina.



"Parachichi zangu zinachumwa mwezi ujao," Hellen akasema haraka. "Halafu nikifika kule wakinipa Kidato cha Tatu nifundishe umeme, nitawaambia nini? Vita vya Majimaji?"

"Mimi nina duka," akasema Zuber. Lukasi akasema kwaya inaingia studio baada ya Pasaka.

"Lakini si mngesema tu ukweli!" Ambindwile alisimama. "Mkuu, tuandike kwamba mwalimu ni mmoja. Hawa hawajawahi kushika chaki ya Fizikia!"

Mkuu alilivuta lile jalada, akaliweka katikati ya meza taratibu. "Tuandike kwamba vikao kumi na vinne ni vya uongo? Sawa. Watauliza mwandishi ni nani. Huu mwandiko ni wa nani, Mwalimu?"

Mwandiko ulikuwa unajulikana shule nzima.

"Ninyi mlisaini," Ambindwile akasema, lakini sauti ilikuwa imeanza kushuka.

"Tulisaini tulichoandikiwa, kaka yangu," akasema Zuber, na kwa kweli alikuwa na huruma. "Ukianza kuvuta uzi huo, atakayevuliwa nguo wa kwanza ni wewe. Kazi utaipoteza. Una watoto."

"Kule wanataka mtu anayejua," Madam Hellen akasema kwa upole, kama mtu anayemsifia marehemu. "Na anayejua hapa ni nani kama si wewe?"

"Na hapa je?" Ambindwile akageuka kwa Mkuu. "Kidato cha Sita je? Mtihani ni baada ya wiki saba!"

Mkuu akahesabu kwa vidole, akaiweka tai sawa. "Hapa idara inabaki na walimu watatu. Kwa ikama, bado tumezidi mmoja. Kwa hiyo mwalimu mwingine hata tukiomba hatupewi, ila tusikate tamaa. Haya, wanaoafiki Mwalimu Ambindwile aende?"

Mikono mitatu ikapanda. Zuber alipandisha wa kwake mwishoni, akiangalia dirishani.

"Idara hii huamua kwa kauli moja," akasema Mkuu. "Ndivyo majalada yanavyosema. Tukipeleka kura ya watatu kwa mmoja, watakuja kuuliza kulikoni."

Ambindwile akamwangalia kila mmoja wao. Alitafuta tusi la Kinyakyusa lililo zito vya kutosha, na anayajua mengi, lakini lililokuja mdomoni lilikuwa linamstahili yeye mwenyewe. Akapandisha mkono.

"Katibu, andika," akasema Mkuu. Na mpumbavu yule akaandika, tena vizuri.

Ijumaa ilikuwa siku yake ya mwisho. Aliingia Kidato cha Sita kipindi cha kwanza, akafundisha vipindi vinne mfululizo bila kukaa, akiruka mada, akichora saketi juu ya saketi, sauti inakatika, waliokaa mbele wanawapelekea wa nyuma. Kengele ilipolia alifuta ubao kwa kiganja, akawaambia anahama. Lilian akasimama, daftari kifuani.

"Mwalimu, mada tano bado. Sasa nani atatufundisha?"

Ambindwile akafungua mdomo. Nje, barazani, Mkuu wa Shule alikuwa amesimama na mwalimu wa zamu, na mlango ulikuwa wazi.

"Msiwe na wasiwasi," akanong'ona. "Idara ina walimu watatu."

Lilian akacheka, na darasa likacheka naye, kwa sababu mwalimu wao alikuwa mtu wa utani. Kisha akamtazama vizuri usoni, kicheko kikamwishia. Akakaa chini, akafungua daftari, akaanza kunakili kile kidogo ambacho kiganja kilikuwa hakijafuta ubaoni.