Vidonge Viwili vya Daktari Bingwa

Nyumba ile ilikuwa na daktari bingwa wake, na kama nyumba nyingi zenye bahati ya namna hiyo, wagonjwa wake hawakuwa wakipona. Daktari mwenyewe alikuwa dada mkubwa wa mwenye nyumba. Elimu yake ya tiba aliipata nyuma ya kaunta ya duka la dawa, alikopokea simu kwa wiki tatu, mpaka mwenye duka alipomshukuru na kumwomba asirudi. Aliondoka na koti jeupe. Tangu hapo hakuna mtu aliyekohoa ndani ya nyumba ile bila kupewa hukumu.

Sasa mke wa mwenye nyumba, mwanamke fundi cherehani, alikuwa na mimba ya wiki tisa, na Daktari Bingwa akawa amempata mgonjwa asiyeweza kukimbia.

Kliniki walimpa fundi chupa ya vidonge vya vitamini vya wajawazito. Daktari Bingwa aliipokea mlangoni, akaifungia kabatini kwake, akatunga utaratibu. Kila alfajiri aliingia chumbani kwa wanandoa bila kubisha hodi, koti jeupe juu ya gauni la kulalia, sinia mkononi. Juu ya sinia palikuwa na vidonge viwili na glasi ya maji.

"Amka, wifi. Kabla hujatia kitu mdomoni. Tumbo tupu halina foleni."

"Wifi, chupa imeandikwa kimoja."

"Kimoja ni cha asiyetapika. Wewe unatapika, kwa hiyo tunapeleka viwili. Kimoja kikitoka, kingine kinabaki kulinda nyumba."

Hoja hii, iliyostahili kuwekwa kwenye kisanduku cha kioo ili vizazi vijavyo vije kuitazama, mume aliisikiliza chini ya shuka, amefumba macho kwa juhudi kubwa. Alikuwa na uti wa mgongo wa uji.

"Dada anajua," alisema shuka.

Robo saa baadaye vidonge vyote viwili vilitoka, vikifuatana kama ndugu. Daktari Bingwa aliinama juu ya beseni, akachungulia kwa makini kama hakimu anayekagua kielelezo.

"Nimeona kimoja tu," alitangaza. "Kingine kimeshika."

Kazini fundi alishona huku ndoo ikiwa kati ya miguu yake. Harufu ya mafuta ya cherehani ilimchafua roho, na mvuke wa pasi ukaja kumalizia. Chakula cha mchana alikitazama tu. Sketi aliyojishonea mwezi uliopita ilimpwaya kiunoni, na mtu anayeshinda na futi shingoni hawezi kujidanganya kuhusu kiuno, hata kiwe chake.

Mizani ya kliniki nayo haikumficha. Nesi alisoma namba, akamshusha, akampandisha tena.

"Umepungua kilo tatu. Ukishuka zaidi wiki ijayo, tunakulaza na kukuwekea dripu. Sitaki tufike huko, maana mko wawili. Vidonge unamezaje?"

Fundi alifungua mdomo, lakini jibu likatoka nyuma yake, ndani ya koti jeupe.

"Viwili, alfajiri, tumbo tupu."

Nesi alimtazama Daktari Bingwa kuanzia kola mpaka viatu. "Wewe ni wa idara gani?"

"Nyumbani."

"Ahaa," alisema nesi, na tangu hapo akazungumza na fundi peke yake. Vidonge vile vina madini ya chuma, alieleza, na chuma kikikuta tumbo tupu huzidisha kichefuchefu. Ameze kimoja tu kwa siku, jioni, baada ya kula. Akitapika asiongeze kingine, kwa kuwa kuna vitamini ambazo zikizidi humdhuru mtoto. Asubuhi ale biskuti kavu kabla ya kuinuka kitandani, na chakula chake kiwe kidogo kidogo. Nesi akampa pia vidonge vya vitamini B6 vya kutuliza kichefuchefu, kwa kipimo alichokiandika mwenyewe kwenye kadi. "Na siku ukishindwa kubakiza hata maji tumboni, usingoje wiki ijayo. Njoo hapa."

Njiani Daktari Bingwa alitoa uamuzi wa rufaa. "Yule nesi ni mtoto wa juzi."

Alfajiri sinia likaingia kama kawaida. Fundi alikuwa ameketi kitandani, anatafuna biskuti.

"Wifi, rudisha hivyo. Na chupa uniletee."

"Chupa ya nini? Mtoto huyo ni wa ukoo."

"Basi ukoo utapike."

Chini ya shuka kulikuwa na mtu anayeomba asiitwe. Hakuitwa. Chupa ililetwa, imeshikwa kwa vidole viwili, na kuanzia siku hiyo ikakaa kwa mwenye tumbo.

Maajabu hayakutokea. Jumanne fundi alitapika, Alhamisi pia. Lakini katikati alikula viazi vikabaki, akanywa supu ikabaki, na Ijumaa alipiga pindo za mapazia manne bila kuigusa ndoo.

Siku ya kliniki ilipofika, Daktari Bingwa alitangulia kwenye benchi la wajawazito na kufungua darasa. "Huyo ni mgonjwa wangu. Siri ni viwili, alfajiri," alikuwa akimwambia msichana mmoja, ambaye alishaanza kuandika.

Kule ndani fundi alipanda mizani bila kupumua. Nesi alisoma.

"Umeongeza nusu kilo. Hulazwi. Tuonane mwezi ujao."

Fundi alitoka, akasimama mbele ya benchi. "Mdogo wangu, futa hiyo. Huyu hajawahi kutibu hata kuku. Kamuulize nesi, yuko hapo ndani."

Msichana akafuta. Daktari Bingwa akagundua kwamba dari ya kliniki ina mengi ya kutazamwa.

Simu ya fundi ikaita. Alikuwa mume.

"Vipi, mke wangu? Wanakulaza?"

"Hapana. Nimeongezeka."

"Afadhali. Na dada anasemaje?"

"Sijamuuliza," alisema fundi, akakata simu, akaenda zake kazini.