Nikuchoree au Niandike

...hana, atasema hana, neno lenyewe fupi tu, mama hana dawa yoyote anayotumia nyumbani, nesi aandike aende zake, na Bingwa akakohoa kwanza, kile kikohozi cha mtu mwenye karakana yake, maana yeye si wa kuhojiwa wodini kama mwizi wa kuku, yeye ni fundi wa kuchomelea, mageti yote ya mji huu, ukitoa mawili matatu, yametoka mkononi mwake, lile la benki hata tembo akiliegemea anaomba radhi, na mtu kama huyo leo anashindwa na swali moja la msichana mwenye kalamu... "Baba, mama ana dawa anazotumia nyumbani? Za presha, za usingizi, za akili?"... mara ya pili hiyo anauliza, kwa upole uleule, mkono mmoja kalamu, mwingine umeshika sinia ndogo yenye sindano, sindano ya maumivu, amesema mwenyewe sasa hivi, akishamchoma mama atapumzika mpaka kesho wamwingize chumba cha upasuaji, nyonga imevunjika, na mama ndiye yule kitandani, amekuwa mdogo kama shuka lililokunjwa, mdomo wazi, anavuta pumzi moja, halafu Bingwa anasubiri ya pili, anasubiri, hapo katikati ungejenga nyumba ukaiezeka, ndiyo inakuja... "Ana nguvu kama chuma, nesi," akasema, "mama yangu huyu alikuwa anabeba magunia mawili, moja kila bega, na mimi mgongoni"... "Sijauliza nguvu, baba, nimeuliza dawa," na bibi wa kitanda cha jirani, mguu umening'inizwa juu, akadakia, "Mwanangu, si umeulizwa? Au na wewe umevunjika ulimi?" wakacheka kidogo huko pembeni, Bingwa naye akacheka, ndiyo kazi yake kucheka, na kibahasha cha dawa kiko mfuko wa shati, upande wa moyo, kinamchoma kama cheche iliyoingia kolani... yule mama wa dirisha la dawa na miwani yake puani aliuliza vizuri tu, nikuchoree au niandike, maana wengine huwachorea, duara ni kidonge kizima, nusu duara ni nusu, jua ni asubuhi, mwezi ni usiku, mtu anaelewa anakwenda zake, lakini foleni nyuma ilikuwa ndefu, na wateja wawili wa karakana yake wamo, Bingwa akacheka mpaka wa barabarani wakageuka, unichoree mimi, mtoto wa chekechea? andika mama, andika hata Kizungu, andika herufi za sisimizi nitazisoma gizani, na yule mama akaandika mstari mzima, Bingwa akaukodolea macho, akatikisa kichwa kama jaji, akasema safi kabisa... safi nini, kile kilichoandikwa pale hakijui mpaka leo, angeweza hata kukishika juu chini... na dawa zenyewe za nini, za kumtuliza, kwa sababu akili ya mama ilianza kupotea njia mwaka jana, anatafuta sufuria aliyoishika mkononi, anamwita yeye kwa jina la marehemu baba, hayo yote mtu anayabeba, ila akikaa kwenye kiti chake pale karakana, wateja wamejaa, mdomo unafunguka, na shida si kwamba anasema uongo, shida ni kwamba kila kitu ni kweli, "Bingwa nani? Huyu ni Kijiti huyu! Alijikojolea darasani siku ya tatu, akarudi mbio, shule hajaiona tena, hata jina lake hawezi kuliandika, mpeni karatasi muone!" watu mbavu hawana, kumbe Kijiti, kumbe Kijiti... basi jana anakuja mwalimu mkuu kuagiza geti la shule, la shule jamani, Bingwa akampa mama vidonge viwili vizima na chai ya asubuhi, meza mama, za nguvu hizi, na mama akameza, alimwamini, akakaa ametulia kama picha ukutani, na Bingwa akamtambia mwalimu weee, geti litakaloonekana kutoka nchi jirani, na katikati ya maneno akasikia nyuma yake, "Kijiti, nishike"... alisikia, asijidanganye, alisikia vizuri kabisa, hakugeuka, mwalimu asije akauliza Kijiti ni nani... hatua moja, ya pili, mguu wa mama ukajikwaa kwenye nondo, na ule mlio, mdogo tu, yeye aliyezeeka na nyundo masikioni hajawahi kusikia mlio mkubwa kama ule... na daktari asubuhi amesema kwa lugha ya kawaida, mfupa tutauunga, mfupa si tatizo, mtu mzima akivunjika nyonga anaondoka kwa mengine, kifua, usingizi mzito, kama kuna dawa za akili mwilini tuambieni mapema, na Bingwa akaitikia ndiyo daktari, ilhali dakika chache kabla, mama alipoanza, "Kijiti ananipa vya kulala," Bingwa akachungulia mlangoni, akamwekea vingine viwili ulimini, na maji, meza mama... humuhumu wodini... na sasa sindano juu yake... sema mama, amka useme, waambie wodi nzima, sema Kijiti, sema alijikojolea, sema hajui hata herufi ya kwanza ya jina lako, wacheke mpaka jengo lianguke... hasemi, amemnyamazisha vizuri, kazi ya fundi, haina hata ufa, pumzi moja, Bingwa anasubiri ya pili... "Baba?" kalamu bado iko hewani, sindano bado iko kwenye sinia, ya pili bado haijaja, na mkono wake umeshaingia mfukoni, kibahasha kimelowa jasho, anakinyoosha, na sauti inayomtoka ni nyembamba, haina karakana hata moja ndani yake, "Nesi, nisomee hapa pameandikwa ngapi... jana nilimpa viwili, na leo tena viwili... mimi sijui kusoma."