Maombi ya Kunong'ona

Ukumbi wetu wa vijana wa kanisa huku ugenini ulipouzwa, tulihamia chumba kidogo juu ya ofisi ya mwenye nyumba. Alituonya: kelele moja tu, nje. Sisi tuliozoea kuomba wote kwa pamoja kwa sauti, tukawa tunanong'ona kama wezi wa kuku.

"Kaka, hivi hata shetani hatusikii," nilimtania kiongozi wetu, fundi bomba.

"Nyamaza wewe. Tukifukuzwa hapa, hatuna pengine."

Ghafla dada mmoja wetu, muuguzi, ambaye mama yake alikuwa akipasuliwa kule kwetu saa ileile, akapaza sauti: "Baba, usimchukue."

Hatua nzito zikapanda ngazi. Mlango ukagongwa, lakini nani angemziba dada mdomo? Fundi akavuta pumzi, akaomba kwa sauti kumshinda. Tukamfuata wote. Kama ni kufukuzwa, tufukuzwe pamoja.